Maiti iliyoharibika: kipande gani kikatwe ili vinasaba vipatikane? (uzi mrefu)

Mzee wa Kibao (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimefanya kazi chumba cha maiti miaka 11, kisha nikahamia maabara kupokea sampuli zinazoletwa kupimwa vinasaba, yaani DNA. Kwa hiyo nimekuwa yule anayekata, na nimekuwa yule anayefungua kilichokatwa. Kuna jambo linanikereketa siku nyingi. Ndugu wakisubiri majibu miezi na miezi, lawama zote hubebwa na maabara. Lakini mara nyingi majibu yalikwisha kupotea kabla kisanduku hakijafungwa, palepale mezani, mtu alipochagua kipande cha kukata.

Nitoe tukio moja. Mwili wa kijana uliokotwa kandokando ya mto, masika, ukiwa umekaa majini kama siku tisa. Ulipelekwa hospitali moja, siitaji. Aliyekuwa zamu akafanya alivyozoea akitafuta ugonjwa: akakata ini, akalitia kwenye chupa ya formalini, dawa ya kuzuia kuoza, akaandika namba. Lilitufikia baada ya wiki tatu. Hatukuambulia kitu. Mama mmoja alishatoa mate mara mbili, na kila akija anauliza, "Mwanangu, bado?" Mwili ulishazikwa na manispaa. Ikabidi kuombwa kibali cha mahakama, kaburi likafukuliwa, yakang'olewa magego mawili na kukatwa kipande cha fupa la paja. Majibu yakatoka: alikuwa mwanawe. Tangu ini lile hadi siku hiyo ilipita miezi minane, na katika miezi hiyo mashine yetu haikuharibika hata siku moja.

Kosa lilikuwa wapi? Yapo mawili, ini na formalini.

Mtu akifa, chembe za mwili wake huanza kujila zenyewe. Viungo vyenye vimeng'enya vingi, yaani kemikali za kumeng'enya, kama kongosho, wengu na ini, ndivyo vinavyotangulia. Ubongo nao hulegea na kuwa uji. Juu ya hapo wanakuja bakteria, na kwa joto la kwetu hawachelewi. Uzi wa vinasaba uliokuwa mrefu hukatikakatika kama kamba iliyooza. Vipimo vya kawaida husoma vipande vyenye urefu wa takriban herufi 100 hadi 450, herufi zikiwa vitengo vidogo vya uzi huo. Sampuli ikibaki na vipande vya chini ya 150, sehemu kubwa ya kipimo inatoka tupu.

Moyo, msuli mnene wa paja, kano ya kisigino, gegedu, hivi huchelewa kidogo. Vinavyochelewa zaidi ni mfupa na jino. Ndani ya mfupa chembe zimefungiwa kwenye vyumba vidogo vya madini, na madini yale yenyewe hushikana na vinasaba. Maji hayafiki kirahisi, bakteria pia wanahangaika kuingia.

Formalini ni habari nyingine kabisa. Inazuia mwili kuoza, kwa hiyo mtu anadhani imehifadhi kila kitu. Kumbe inaunganisha vinasaba na protini kama gundi, na ikikaa inageuka tindikali inayovikata. Daktari anayetafuta ugonjwa kwenye darubini anaihitaji. Sisi tunaotafuta jina inatunyima jina.

Naendelea chini. Mwenye swali aulize, nitajibu ninachokijua kwa mikono yangu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kaka shikamoo, na asante kwa uzi. Mimi niko hospitali ya wilaya. Kwetu mwili ukifika tu, kama ndugu hawajaonekana, mhudumu anaupiga dawa kwa sababu friji zenyewe hazitoshi. Ina maana tunaharibu?

Mzee wa Kibao

Marahaba dada. Hamna nia mbaya, lakini ndiyo, mnafunga mlango. Dawa mnayopiga ni formalini. Fanyeni hivi: mwili usio na jina usipigwe dawa kabla sampuli haijatolewa. Dakika kumi zinatosha.

Mwili ukiwa mzima, haujaanza kunuka, chukua damu, dondosha kwenye karatasi maalumu ya kufyonza, iache ikauke. Au pitisha pamba ndani ya shavu. Ukiwa umekatikakatika lakini haujaoza, chukua damu kama ipo na msuli mwekundu wa ndani, kama gramu moja. Usichukue wa juu juu, ingia ndani ya paja.

Ukiwa umeoza, achana na nyama. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana nyama ni rahisi kukata na msumeno unachosha. Mwongozo ambao wataalamu wa vinasaba vya mahakama waliutoa mwaka 2007 kwa ajili ya majanga unasema wazi: mfupa mrefu na mgumu, kipande cha sentimita 4 hadi 6, au meno mazima, ikiwezekana magego, au mfupa mwingine wowote wenye ganda nene, kama gramu 10.

Na kama mwili ulishapigwa dawa, msikate tamaa. Dawa hupita kwenye mishipa, nyama inaipata sana, jino na kucha zinaipata kidogo. Anzeni na hivyo, kisha mfupa.

Bahari ya Kilifi

Asante sana kwa maelezo. Mimi nina mtu wangu wa karibu tunayemtafuta tangu mambo ya Shakahola. Tulitoa sampuli, tukangoja, tukaitwa tena kutoa. Watu huku wanauliza, mwili uliokaa mchangani miezi utajulikanaje? Na kwa nini tuitwe mara mbili?

Mzee wa Kibao

Pole sana ndugu yangu. Mungu awape subira.

Kwa wasiojua, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kutoka msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mingi ikiwa ya watoto. Miili ya kwanza iliyotambuliwa ilikabidhiwa familia Malindi mwezi Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Mwili uliozikwa bila sanduku kwenye ardhi ya joto unafikia mifupa upesi, na udongo una asidi za mboji zinazoingia mfupani. Asidi hizo hazikati vinasaba tu, huzuia hata kipimo chenyewe kufanya kazi. Unaweza kuwa na vinasaba vya kutosha na mashine ikakaa kimya kwa sababu ya udongo. Ndiyo maana mfupa husuguliwa juu, ukaoshwa, ndipo ukasagwa kuwa unga.

Kuhusu kuitwa mara mbili, sijui faili lenu, ila nikueleze kitu ambacho familia nyingi hazielezwi. Vinasaba vya maiti peke yake havisemi jina. Vinahitaji wa kulinganishwa naye. Mzazi na mtoto wana uhusiano usioyumba, nusu kwa nusu. Ndugu wa tumbo moja wanayumba, wawili wanaweza kufanana sana au kidogo. Binamu na shangazi ni dhaifu mno. Kwa hiyo akija mpwa peke yake, maabara itaomba mwingine. Mke wa marehemu peke yake hasaidii, lakini mke pamoja na watoto wao ni hazina, kwa sababu tukiondoa nusu ya mama kwenye mtoto, inayobaki ni ya baba.

Shakahola ina ugumu mwingine unaoniumiza kila nikiufikiria. Kuna nyumba zilizopoteza watoto wawili, watatu. Vinasaba vya wazazi vitasema "huyu ni mtoto wenu". Havitasema ni yupi. Hapo inabidi umri usomwe kwenye meno na kwenye ncha za mifupa, na urefu upimwe. Sasa mtu aliyekata fupa la paja vipande vitatu ili apate sampuli ameondoa kipimo cha urefu, na aliyeng'oa meno bila kupiga picha ameondoa umri. Kwa hiyo kwenye mfupa mrefu tunakata dirisha katikati ya mfupa, hatutenganishi, ncha zote mbili zinabaki. Na jino halitoki kinywani kabla ya picha na eksirei.

Bahari ya Kilifi

Hilo la watoto wawili ndilo letu. Shukran. Nitalipeleka kwa wazee walielewe.

Kijana wa Zimamoto

Mkuu, nisaidie upande wa moto. Tumekuwa tukitoa miili iliyoungua hadi hujui ni mwanamume au mwanamke. Bwenini, kwenye malori ya mafuta. Watu wanasema ikishaungua hivyo ni kazi bure.

Mzee wa Kibao

Si kazi bure, mkuu, na mnaweza kusaidia kuliko mnavyodhani.

Tazama rangi ya mfupa. Ukiwa bado wa manjano au kahawia, vinasaba vipo. Mweusi ni bahati nasibu, jaribu. Kijivu cha bluu na mweupe kama chokaa ni mfupa uliochomwa hadi kila kitu cha uhai kimeondoka, na hapo huwa hatupati. Mtu asiyejua huokota kile cheupe kwa sababu kinaonekana kisafi. Acha hicho. Tafuta kilichojificha.

Na mwili una maficho mengi. Nyama ya mgongo iliyolalia sakafu. Chini ya mkanda wa suruali. Pingili za kiuno zilizofunikwa na misuli pande zote. Magego, maana ulimi na mashavu huyakinga wakati meno ya mbele yanapasuka kwa joto. Na kibofu cha mkojo: kimekaa ndani ya nyonga, kina maji, na hata mwili ukiwa mkaa kwa nje pamba ikipitishwa kwenye ukuta wake hutoa majibu. Niliposikia hilo mara ya kwanza sikuamini, mpaka nikaona matokeo yake.

Wavulana 21 waliofariki kwenye moto wa bweni Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wazazi wao waliambiwa wangoje vinasaba kwa sababu sura hazikutambulika. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lililipuka na likaua watu zaidi ya 100. Kwenye matukio kama hayo, ombi langu kwenu zimamoto ni moja: msisogeze miili kwa sepetu na kuikusanya pamoja. Andikeni kila mwili ulipolala, nani alikuwa kando yake. Jino lililodondoka liwekwe na mwili wake. Likishaingia kwenye mfuko wa jirani yake, mmetupa kazi ya miezi.

Kijana wa Zimamoto

Hatukufundishwa hata moja ya hayo. Naomba ruhusa niyatumie kwenye mafunzo yetu.

Mzee wa Kibao

Tumia yote mkuu, huna haja ya ruhusa.

Ustadhi wa Pangani

Assalaam alaykum. Nimesoma kwa makini. Sisi Waislamu maiti ina heshima yake, na kuvunja mfupa wa maiti ni jambo zito. Familia nyingi zitakataa msumeno. Hakuna njia nyingine?

Mzee wa Kibao

Wa alaykum salaam ustadhi. Swali lako ni la haki, na nimewahi kukaa na familia usiku mzima kwa ajili yake.

Ngazi zipo. Anza na kucha. Kucha za vidole vya miguu, hasa kidole gumba, hudumu baada ya ngozi kuoza, hutolewa bila msumeno, na zikioshwa vizuri zinatoa vinasaba vya mwenyewe. Kisha mifupa midogo ya vidole vya miguu: inatoka kwa kisu kidogo kwenye kiungo, haivunjwi. Na hii si njia ya kubembeleza familia tu. Kwenye mabaki ya waliokufa majengo ya World Trade Center, New York, yaliposhambuliwa mwaka 2001, kifuniko cha goti na mifupa midogo ya wayo ilishindana na mifupa mikubwa, na mingine ikaishinda. Baadaye watafiti wa Marekani walichukua mifupa ya kila aina kutoka miili mitatu, wakailinganisha, wakakuta tena kwamba mifupa midogo yenye matundutundu inatoa vinasaba vingi kuliko fupa la paja lililo gumu kama chuma. Mimi nililelewa na fupa la paja, na nilichukua muda kubadilika. Sasa mwili ukiwa na miguu kamili, naanzia miguuni. Fupa la paja nalitegemea kwa mwili uliokaa kaburini miaka mingi, maana mifupa laini huliwa na udongo mapema.

Na lile linalobaki baada ya kupima lisitupwe. Familia iulizwe, irudishiwe, lizikwe. Kuna maabara zinafanya hivyo, na kuna zinazosahau. Nawaomba ndugu mdai.

Mdadisi wa Udom

Mimi mwanafunzi. Nimesikia wanaochunguza watu wa kale wanatumia mfupa wa sikio. Mbona hujautaja?

Mzee wa Kibao

Umenikumbusha vizuri. Chini ya fuvu, pale linapokaa sikio la ndani, kuna mfupa mgumu kama jiwe, mgumu kuliko mingine yote mwilini. Ndio uliotoa vinasaba vya mtu wa pango la Mota, Ethiopia, aliyefariki miaka 4,500 iliyopita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Na hapa kwetu pwani, makaburi ya kale ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara yametoa vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2023, vikionyesha wazee wetu walivyochanganyika, Waafrika na watu wa Asia, tangu karibu miaka elfu iliyopita. Kama karne zote hizo za joto la pwani hazikufuta kila kitu, asije mtu akaniambia mwili wa mwaka jana hauwezekani.

Lakini kuutoa mfupa huo ni kufungua fuvu. Kama marehemu alipigwa kichwani, umeharibu ushahidi wa mauaji. Nauweka mwisho, na picha kwanza.

Kuna na vinasaba vya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu vilivyo nje ya kiini cha chembe. Kwenye chembe moja vinasaba vya kiini viko nakala mbili tu, vya mitokondria ni mamia hadi maelfu. Vya kwanza vikiisha, vya pili vinaweza kubaki, hata kwenye unywele usio na mzizi. Vinarithiwa kwa mama peke yake. Mabaki ya familia ya mfalme wa Urusi, Romanov, yalilinganishwa na damu ya Prince Philip wa Uingereza kwa sababu yeye na mke wa mfalme huyo walitoka ukoo mmoja wa kike. Ubaya wake ni kwamba ukoo mzima wa mama unafanana. Vinakuambia ukoo, havikuambii mtu.

Mganga wa Zahanati

Huku kwetu umeme unakatika siku tatu. Hata tukikata vizuri, sampuli itafikaje?

Mzee wa Kibao

Mkuu, hili nalipenda kulijibu kwa sababu watu wengi huliogopa bure.

Jino na mfupa mkavu havihitaji friji. Vikaushe kivulini, si juani, vitie kwenye bahasha ya karatasi. Usitie kwenye nailoni. Unyevu ukifungiwa humo kuvu litamaliza kila kitu njiani. Kucha vilevile. Nyama, kama ndiyo pekee uliyonayo, ikate vipande vidogo kama punje ya mahindi, itie kwenye spiriti kali ya asilimia 95, isiwe kidogo, ifunike kabisa. Spiriti hakuna? Chumvi ya jikoni. Ndiyo, chumvi. Imejaribiwa kwa ajili ya majanga hasa na imefanya kazi: inanyonya maji, bakteria wanakosa pa kuishi. Wavuvi wetu wanalijua hilo tangu zamani, ng'onda hauozi. Fukia kipande ndani ya chumvi nyingi kavu, funga chupa.

Formalini usiiguse. Wala usichemshe mfupa ili nyama itoke, kuna watu wanafanya hivyo kuusafisha. Badilisha glovu kila mwili, vaa barakoa, usipige chafya juu ya meza. Na andika kwa penseli. Spiriti ikimwagika wino unafutika, halafu tunapokea chupa sita zisizo na namba. Weka lebo mbili, moja ndani, moja nje.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kaka, na mabaki yakiwa yamechanganyika? Tulipata ajali ya basi, viungo vilikuja kwenye shuka moja.

Mzee wa Kibao

Hapo kanuni ni ngumu: kila kisichoshikana na kingine ni mtu mwingine mpaka ithibitike. Kila kipande sampuli yake, namba yake. Srebrenica, Bosnia, waliouawa mwaka 1995 walifukuliwa na wauaji wenyewe kwa mashine na kuhamishiwa makaburi mengine ili kuficha, mtu mmoja akapatikana makaburi mawili au zaidi. Tangu mwaka 2001 wamekuwa wakitambuliwa kwa kulinganisha mifupa na damu ya maelfu ya ndugu walio hai. Mifupa ya mtu mmoja ilikutanishwa kwa vinasaba, kipande kwa kipande. Ndege ya Ethiopia iliyoanguka Machi 2019 na watu 157, kati yao Wakenya 32, ndugu walipewa kwanza udongo wa eneo la ajali wakazike, na mabaki yakaja baada ya miezi. Yalipangwa hivyo hivyo, kipande kwa kipande.

Ila panga kwanza kinachoungana kwa macho. Mkono ulioshikana na bega hauhitaji sampuli tatu.

Bahari ya Kilifi

Samahani narudi. Mama yake ana miaka 74, hawezi tena safari ya mbali. Baba yake alishafariki. Itakuwaje?

Mzee wa Kibao

Asisafiri. Mkamwombe afisa anayeshughulikia faili lenu mtu aje nyumbani na pamba ya mdomoni, au mama achukuliwe hospitali ya karibu. Ni pamba tu, haiumi, haitoki damu. Jina lake, siku na namba ya faili viandikwe mbele yenu, na mkipige picha kile kikaratasi.

Pamoja na mama, watoe sampuli ndugu wawili wa baba mmoja mama mmoja na marehemu. Kama kuna mmoja ambaye baba yake si huyo, amwambie mchukua sampuli faraghani, asiseme mbele za watu. Hilo lisipotajwa, hesabu itakataa na mtaitwa mara ya tatu.

Na mswaki wake wa zamani, kama haujatupwa, wekeni kwenye bahasha ya karatasi. Msiuoshe.

Bahari ya Kilifi

Mswaki upo. Mama hakukubali mtu auguse.